Mnyoo ana naitrojeni nyepesi kuliko samaki wake: namna ya kutafuta kosa

Jedwali limerudi kutoka maabara. Safu moja ni ya msuli wa samaki, ya pili ni ya tegu aliyetolewa kwenye utumbo wa samaki huyohuyo, na tegu ana δ15N (kipimo cha wingi wa naitrojeni nzito, 15N, dhidi ya nyepesi, 14N) ndogo kuliko mwenyeji wake. Darasani ulifundishwa kwamba anayekula hukaa juu ya anayeliwa kwa takribani 3.4‰. Hapa watu hugawanyika: wapo wanaoitupa sampuli wakisema imeharibika, na wapo wanaokimbilia kuandika kwamba wamegundua jambo jipya. Nimefanya kazi na wa aina zote mbili, na mara nyingi wote wamekosea mahali pamoja. Hawakuuliza mnyoo yule alikuwa anakula nini hasa, na tangu lini.

Nitaanza na dalili, yaani kile unachokiona kwenye jedwali au kwenye grafu, kisha nifuate sababu zake kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe ninapozikagua. Nachukulia kwamba δ unaijua: ni tofauti ya uwiano wa isotopu nzito kwa nyepesi kati ya sampuli na kiwango rejea, ikizidishwa kwa 1,000. Kwa kaboni rejea ni kiwango cha kimataifa kiitwacho VPDB, kwa naitrojeni ni hewa. Herufi Δ nitaitumia kwa tofauti kati ya kimelea na tishu ya mwenyeji: ikiwa chanya kimelea kiko juu, ikiwa hasi kiko chini.

Kabla ya dalili yoyote: ile 3.4

Watafiti Minagawa na Wada waliichapisha namba hii mwaka 1984, na mtafiti mwingine, Post, aliirudia mwaka 2002 baada ya kukusanya vipimo vingi: wastani wa 3.4‰, na mtawanyiko wa takribani 1‰. Kwa kaboni alipata karibu 0.4‰ tu. Wastani huo ni wa wanyama wanaomeza chakula, wakakimeng'enya, wakavunja amino asidi na kutoa amonia. Katika kuvunja huko 14N hutangulia kutoka na 15N hubaki mwilini, ndiyo maana mlaji huwa mzito kuliko chakula chake.

Sasa mtazame tegu. Hana mdomo wala utumbo. Anafyonza kwa ngozi yake amino asidi na sukari ambazo tayari zimemeng'enywa. Akanthosefala, wale minyoo wenye pua ya miiba, ni vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya kazi ya kuvunja protini imeshafanywa na samaki. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vipimo vilivyochapishwa vimeonyesha mara kwa mara kwamba minyoo wa aina hii wanaweza kuwa sawa na mwenyeji au chini yake. Kwa hiyo Δ15N hasi peke yake haithibitishi kwamba kuna kosa. Ni dalili, na dalili huchunguzwa.

Dalili ya 1: δ15N ya mnyoo wa utumboni iko chini ya msuli wa samaki, au sawa nao

Hii ndiyo inayoleta maswali mengi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sababu ya kwanza ya kukagua ni tishu uliyolinganisha nayo. Msuli huchukuliwa kwa sababu ni rahisi kukata na una mafuta kidogo, lakini tegu hali msuli. Tuseme samaki mmoja ana msuli wa 11.2‰ na ini la 9.6‰, na tegu wake ana 9.1‰. Ukilinganisha na msuli, Δ ni −2.1. Ukilinganisha na ini, Δ ni −0.5. Mnyoo ni yuleyule na mashine ya kupimia isotopu ni ileile, ila hadithi mbili tofauti kabisa zimetoka kwenye meza moja. Tishu za samaki mmoja hazifanani kwa sababu kila moja ina mchanganyiko wake wa amino asidi, na pia hujengwa upya kwa kasi yake: msuli huchukua miezi, ini huchukua wiki. Samaki aliyebadilisha chakula mwezi uliopita ana ini linalosema habari za juzi na msuli unaosema habari za msimu uliopita. Tegu anayekua haraka yuko karibu zaidi na ini.

Kwa hiyo usipasue samaki kabla ya kuandika orodha ya tishu utakazochukua. Mimi huchukua msuli, ini, kipande cha ukuta wa utumbo pale mnyoo alipong'ang'ania, na kijiko kidogo cha chakula kilichomeng'enywa kutoka sehemu hiyohiyo ya utumbo. Hicho cha mwisho husahauliwa karibu kila mara, nacho ndicho chenye jibu la sababu ya pili.

Sababu ya pili: huenda mnyoo hamli samaki. Anakula pamoja naye. Tegu aliyelala kwenye utumbo anafyonza sehemu ya chakula alichomeza samaki. Kama ndivyo, samaki na tegu wote wawili wako hatua moja juu ya chakula kilekile, na tofauti kati yao inatarajiwa kuwa karibu na sifuri hata kama kila kitu kimekwenda sawa. Watu huchora mshale kutoka kwa samaki kwenda kwa mnyoo kwenye utando wa chakula, kisha wanashangaa mshale haubebi 3.4. Huenda mshale wenyewe ulipaswa kutoka kwenye mawindo. Jambo hili haliko wazi moja kwa moja, kwa kuwa utumbo wa samaki nao humwaga humo ndani vimeng'enya na seli zilizobanduka, kwa hiyo tegu anapata mchanganyiko wa chakula na mwili wa mwenyeji. Ukipima yaliyomo utumboni utaona tegu anaelekea upande upi.

Linganisha na plerosekoidi (lava) wa tegu aitwaye Ligula, anayekaa ndani ya uwazi wa mwili na si kwenye utumbo. Huyo hafikiwi na chakula kilichomezwa. Anachofyonza kimepita kwanza kwenye mwili wa samaki. Ukimweka Ligula na tegu wa utumboni kwenye kundi moja la "tegu" katika uchambuzi wako, umechanganya njia mbili za kula zisizofanana.

Sababu ya tatu ni uchafu. Mnyoo akitoka utumboni huja na ute wa samaki, na ute huo ni protini ya samaki. Mlaze kwenye sahani ya kioo yenye maji ya chumvi dhaifu, chini ya darubini, mwanga ukitoka pembeni. Ute utauona kama utando wa kijivu unaovutika ukiugusa kwa kibanio. Kwa tegu hujificha kwenye mikunjo kati ya pingili, na kwa akanthosefala hujikusanya nyuma ya pua, kwenye shina la miiba, mara nyingi pamoja na kipande cha utumbo wa samaki ambacho pua ilikishikilia. Mfagie kwa brashi laini, badilisha maji, rudia mpaka maji yabaki meupe. Kama pua haitoki kwenye kipande cha utumbo, ikate na uiache. Afadhali kupoteza pua kuliko kupima samaki ukidhani unapima mnyoo. Usimwache akielea kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa muda mrefu: atavimba na kupasuka, na utapoteza vilivyomo.

Ukishakagua hayo matatu na Δ bado ni hasi, amini namba yako. Maelezo yanayotolewa kwa minyoo wasio na utumbo ni kwamba hufyonza misombo ambayo tayari ni nyepesi na huvunja amino asidi chache wao wenyewe, hivyo ule mchujo wa 14N kutoka na 15N kubaki haufanyiki kwa nguvu ileile.

Dalili ya 2: Kimelea kinachonyonya damu kina Δ15N karibu na sifuri

Hapa ulitarajia ongezeko la kweli, kwa kuwa mnyonya damu ana mdomo, ana utumbo, na anameng'enya. Kagua alikuwa ameshiba kiasi gani.

Mfano mzuri ni gnathia, isopodi (krasteshia wadogo, jamaa wa kamba na kaa) ambao hula wakiwa lava tu. Lava aliyetoka kunyonya amejaa damu hadi mwili umetuna, na ukimkausha unakausha damu ya samaki pamoja na lava mwembamba. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme tofauti ya kweli ya tishu za lava ni +3.0‰, na asilimia 70 ya naitrojeni iliyomo kwenye kapsuli (kijikopo kinachobeba sampuli kwenye mashine) ni damu ambayo haijameng'enywa. Utapima 0.3 × 3.0, yaani +0.9‰. Lava yuleyule angeachwa ameng'enye damu yote na kujivua gamba, ungeona tofauti yake halisi. Gnathia waliokomaa hawali kabisa, kwa hiyo mwili wao umejengwa na damu ya milo ya utotoni. Ukiwaokota waliokomaa peke yao, hujui ni samaki gani waliwalisha.

Tatizo hilohilo liko kwa monojenea (minyoo bapa wa kwenye ngozi na matamvua ya samaki) wanyonya damu kama Diplozoon, na kwa nematodi (minyoo wa mviringo) kama yule wa kwenye kibofu cha hewa cha mkunga, Anguillicola crassus. Mnyoo huyu akiwa ameshiba, damu nyeusi unaiona kwa macho kupitia ngozi yake. Wakubwa mpasue na utoe utumbo. Wadogo waweke kwenye maji yaliyochujwa mpaka utumbo uwe mweupe, lakini usiwaache siku nyingi, kwani mnyama mwenye njaa huanza kujila mwenyewe na δ15N yake hupanda. Andika saa ulizowaacha. Msomaji wako atazihitaji.

Kisha linganisha na damu, si msuli. Na hakikisha kweli ni damu: monojenea kama Gyrodactylus hawanyonyi damu, wanakula ngozi na ute. Kwao tishu ya kulinganisha ni ute uliokwanguliwa juu ya magamba.

Kuna kisa kimoja ambacho Δ karibu na sifuri ndiyo jibu lenyewe. Isopodi wa familia ya Cymothoidae wanaokaa mdomoni mwa samaki wamekuwa wakiulizwa swali moja kwa muda mrefu: wananyonya damu au wanaiba chakula kinachopita? Anayenyonya anatarajiwa kukaa juu ya damu ya samaki. Anayeiba anatarajiwa kukaa usawa wa samaki, kwa kuwa wanakula sahani moja. Ila usiwachanganye madume na majike bila kuandika. Cymothoidae huanza wakiwa madume na baadaye hugeuka majike, kwa hiyo jinsia hapa ni umri, na jike lenye mayai limebeba shehena ambayo dume hana.

Dalili ya 3: δ13C ya kimelea imeshuka sana, au imepanda kupita kiasi baada ya kusahihisha mafuta

Mafuta yana 13C kidogo kuliko protini, upungufu wa takribani 6 hadi 8‰. Mnyoo mwenye mafuta mengi ataonekana anakula chakula cha mahali pengine kumbe ni akiba yake tu. Wengi hutumia mlinganyo wa Post na wenzake wa 2007 kwa wanyama wa majini: δ13C iliyosahihishwa = δ13C iliyopimwa − 3.32 + 0.99 × C:N, ambapo C:N ni uwiano wa kaboni kwa naitrojeni kwenye sampuli. Mlinganyo huo ni mzuri kwa msuli wa samaki. Kwa tegu una mtego.

Mlinganyo unachukulia kwamba C:N ikipanda, kilichoipandisha ni mafuta. Lakini tegu na akanthosefala huishi kwenye mazingira yenye oksijeni kidogo na huweka akiba kubwa ya glikojeni, yaani wanga wa mnyama. Glikojeni ni kaboni bila naitrojeni, kwa hiyo C:N inapanda vilevile, ilhali glikojeni haina upungufu wa 13C kama wa mafuta. Chukua tegu mwenye C:N ya 7: mlinganyo utamwongezea 3.6‰. Kama nusu ya kilichopandisha C:N ni glikojeni, umemwongezea karibu 1.8‰ zisizo zake, na mnyoo wako amehama kutoka maji ya kina kirefu kwenda ufukweni bila kusogea. Hili nimeliona kwenye rasimu ambayo hitimisho lake lote lilisimama juu ya hilo sahihisho.

Njia salama ni kuondoa mafuta kwa kloroformi na methanoli kwenye nusu ya sampuli, upime δ13C humo, na upime δ15N kwenye nusu ambayo haijaguswa, kwa sababu kuosha huku kunasogeza naitrojeni. Kama sampuli haitoshi kugawanywa, fanya hivyo kwa minyoo wachache wakubwa wa spishi hiyohiyo, utengeneze sahihisho lako mwenyewe.

Na kama δ13C imepanda hata kabla ya kusahihisha chochote, fikiria chokaa. Tegu wengi wana vipunje vidogo vya madini ndani ya mwili, na krasteshia wana chokaa kwenye gamba. Kaboni hiyo haikutoka kwenye protini. Dondoshea unga kidogo tone la asidi hafifu ya hidrokloriki chini ya darubini. Ukiona mapovu, chokaa ipo. Tibu kwa asidi sehemu ya kaboni tu, usiguse ya naitrojeni. Kwa kopepodi na isopodi kumbuka pia kaitini ya gamba, ambayo huwa na 15N kidogo kuliko misuli yao. Kimelea chenye gamba zito na nyama chache kitashuka kwa sababu hiyo peke yake.

Dalili ya 4: Minyoo wa samaki mmoja hawafanani wenyewe kwa wenyewe

Kabla ya kulaumu mashine, panga minyoo kwa hatua ya maisha. Lava wa tatu wa Anisakis aliyejikunja kwenye kifuko juu ya ini la samaki hafanyi kazi kubwa ya kula. Mwili wake ulijengwa kwa sehemu kubwa ndani ya krasteshia aliyemezwa, na pengine ndani ya samaki mwingine mdogo kabla ya huyu. δ15N yake ni kumbukumbu ya safari na si ya mlo wa leo. Ukimuweka kwenye utando wa chakula kama mlaji wa samaki uliyempasua, umemsingizia. Akanthosefala aliyeingia wiki iliyopita naye bado amebeba saini (namba za isotopu) ya amfipodi, krasteshia mdogo aliyemleta, na anaachana nayo polepole kadiri anavyokua. Hapa urefu wa mnyoo ni kipimo rahisi na chenye faida kubwa: chora Δ15N dhidi ya urefu. Wadogo wakitawanyika na wakubwa wakikusanyika mahali pamoja, umeona saini ya zamani ikifutika.

Kwa tegu mmoja mrefu, tofauti inaweza kuwa ndani ya mwili wake. Pingili za karibu na shingo ni changa, za mkiani zimejaa mayai. Kata sehemu ileile kwa kila mnyoo, au saga mnyoo mzima. Kuokota kipande kilichovunjika bila kujua kimetoka wapi ni kujitengenezea kelele.

Dalili ya 5: Sampuli za zamani zinapishana na za mwaka huu

Uliza zilihifadhiwa kwenye nini. Formalini huongeza kaboni yake kwenye tishu na kwa kawaida huishusha δ13C. Ethanoli hunyonya mafuta na kwa kawaida huipandisha. Naitrojeni huvumilia zaidi. Usichanganye chupa za aina mbili kwenye grafu moja. Kwa kazi mpya gandisha mara moja, kisha kausha kwa kugandisha au kwenye oveni ya nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike.

Dalili ya 6: Namba zinarukaruka, hasa kwa vimelea vidogo

Mashine huhitaji naitrojeni ya kutosha. Maabara nyingi huomba mikrogramu 20 hadi 100, na tishu kavu ya mnyama ina takribani asilimia 10 ya naitrojeni, kwa hiyo unazungumzia miligramu 0.2 hadi 1 ya unga mkavu. Gyrodactylus hafiki hata milimita 1. Utawakusanya wengi kwenye kapsuli moja, na hapo swali lako limebadilika: hupimi tena mnyoo na samaki wake, unapima wastani wa kundi. Kusanya kutoka samaki mmoja kila inapowezekana. Ukilazimika kuchanganya samaki, changanya na tishu zao kwa uwiano uleule, la sivyo utalinganisha wastani na mtu mmoja.

Namna ya kujua kama kurukaruka ni kwa mashine: chora δ15N dhidi ya ukubwa wa kilele cha naitrojeni. Kama vidogo vyote vinaelekea upande mmoja, pima kiwango rejea kwa uzito huohuo mdogo. Kikipinda vivyo hivyo, ni mashine au ni naitrojeni ya kapsuli tupu, na kwa hiyo kila awamu lazima iwe na kapsuli tupu kadhaa. USGS40, kiwango rejea kimojawapo, inapaswa kurudi kwenye −4.52‰ kwa naitrojeni na −26.39‰ kwa kaboni. Ikiteleza taratibu tangu asubuhi hadi jioni, mashine inahama taratibu, na hilo husahihishwa kwa viwango vilivyopandwa kati ya sampuli. Tumia viwango viwili vilivyo mbalimbali na si kimoja, ili urefu wa kipimo nao urekebishwe.

Sampuli zenye C:N kubwa zina hatari yake ya pekee. Zisipoungua vizuri hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo ina masi 28 sawa na gesi ya naitrojeni, na mashine haiwezi kuzitofautisha. Ukiona δ15N ya ajabu kwa minyoo wenye mafuta au glikojeni nyingi peke yao, mwombe fundi aangalie uchomaji kabla hujaandika aya kuhusu fiziolojia.

Dalili ya 7: Data haziingii kwenye modeli ya mchanganyiko (inayokadiria mgao wa kila chanzo cha chakula), au modeli inatoa jibu lenye uhakika mno

Kama kimelea kimeangukia nje ya poligoni ya vyanzo vyake, yaani umbo linalopatikana ukiunganisha vyanzo hivyo kwenye grafu, chanzo kimekosekana au Δ uliyoingiza si yake. Mara nyingi ni la pili: mtu ameingiza 3.4 kwa mazoea. MixSIAR, programu ya kuendesha modeli hizi, haitakukatalia, itakugawia asilimia nzuri kwa namba mbaya. Tumia Δ iliyopimwa kwa spishi ya karibu yenye namna ileile ya kula, na uipe mtawanyiko mpana kwa uaminifu. Kama hakuna iliyopimwa, usiendeshe modeli. Onyesha grafu ya δ13C kwa δ15N na uishie hapo.

Dalili ya 8: Uhusiano mzuri mno kati ya Δ15N na δ15N ya mwenyeji

Umechora Δ dhidi ya δ15N ya samaki na mstari umeshuka vizuri ajabu. Subiri. Δ ni kimelea kutoa samaki. Samaki yuko kwenye mhimili wa chini na pia ndani ya mhimili wa juu, akiwa na alama ya kutoa. Hata ukichora namba za bahati nasibu utapata mteremko huo. Chora δ15N ya kimelea dhidi ya ya mwenyeji badala yake, na uangalie kama mteremko wake unatofautiana na 1. Na minyoo 12 kutoka samaki mmoja si sampuli 12 huru: mweke samaki kama athari nasibu (random effect) kwenye modeli yako ya takwimu.

Dalili ya 9: Samaki wenye vimelea wako juu ya wasio navyo

Ni rahisi kusema kimelea kimemnyonya 14N yake. Lakini samaki aliyeambukizwa sana mara nyingi hukonda, na samaki anayekula misuli yake mwenyewe hupanda δ15N bila msaada wa mtu. Tena huenda ameambukizwa kwa sababu anakula kitu fulani, yaani chakula kilitangulia na mnyoo akafuata. Pima uzito kwa urefu wa kila samaki, na ukague msuli na ini pamoja. Tofauti ikionekana kwenye ini tu, ni mabadiliko ya karibuni, pengine ya baada ya kuambukizwa. Ikionekana kwenye vyote viwili, inaelekea ilikuwepo kwa muda, na mlo unastahili kushukiwa kwanza.

Ukikwama baada ya yote

Kuna njia mbili zilizobaki, zote za gharama. Moja ni kupima amino asidi mojamoja: fenilalanini hubadilika kidogo sana kutoka hatua moja ya ulaji hadi nyingine, glutamiki hubadilika sana, na tofauti kati ya hizo mbili hueleza ni uchakataji kiasi gani umefanyika. Ni njia nzuri sana kwa kimelea ambacho chanzo chake kina utata, mradi usibebe kanuni za wanyama huru na kumpachika tegu bila kuzijaribu.

Ya pili ni jaribio la kubadilisha chakula. Weka samaki walioambukizwa kwenye matangi, wape chakula chenye saini iliyo mbali na ya awali, na uchinje wachache kila baada ya wiki mbili. Tegu akihama kwenda saini mpya kabla ya msuli na hata kabla ya ini, anakula cha utumboni. Akihama nyuma ya ini au sambamba nalo, anakula kilichopita kwa samaki kwanza. Anza na samaki wengi kuliko unavyodhani unahitaji, kwani baadhi watawatoa minyoo wao wenyewe ndani ya wiki za mwanzo, na hutajua ni yupi aliyebaki naye mpaka umpasue.